Ploti gani hiyo, Mutwiri?

Watu wangu, leo nimemshuku ndugu yangu kwamba anauza shamba la marehemu baba.

Mutwiri anaishi kwangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Asubuhi nimemsikia akiongea kwa simu, mlango umefungwa:

"Ploti ni mbovu, lakini watu watalipia tu."

Ploti! Na sisi tuna moja tu, ile ya baba kule Kanyakine.

Nimeingia bila kubisha. "Ni ploti gani unauza?"

Amenitazama, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ameanza kuandika maoni ya filamu kwa tovuti fulani. Kwa Kiingereza cha filamu, ploti ni vile hadithi imepangwa. Akanifungulia na habari za leo za Kiingereza kwa simu yake. Huko, neno hilo hilo ni njama ya kupindua serikali.

"Dada, ni wewe tu unaona shamba kila mahali."

Aibu niliyoona, wacha tu.

Nikampigia mama, simu kwa spika, tucheke pamoja. Nikaanza, "Mama, unajua leo hii mambo ya ploti..."



Mama akauliza polepole, "Kendi, ni nani amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

"Ni kile kipande cha chini cha shamba tu nimeuza. Nilikuwa niwaambie."

Akakata.

Mutwiri ameacha kucheka. Tumempigia tena na tena, lakini mama hashiki simu.

Mngekuwa sisi, mngeenda Kanyakine leo, ama mngengoja apige mwenyewe?