Mume wangu, mtihani na salamu za Uru

Mume wangu leo amefelishwa na salamu!

Jumamosi ana mtihani wa Kiingereza. Akifaulu, anakwenda kusoma chuo Ulaya mwaka mzima, mimi nabaki. Basi mimi, bibi harusi wa wiki tatu, nikajifanya mtahini. Nikampa dakika mbili aelezee nyumbani kwetu kwa Kiingereza.

Akaanza kunisalimia. Nimeamkaje? Wazazi je? Ng'ombe? Mibuni imechanua? Kiingereza safi kabisa, lakini muda ukaisha.

"We baba, na nyumbani?"

"Mke wangu, mtu wa kijijini kwetu Uru ataanzaje maongezi bila salamu?"

Haya, tukarudia. Akaelezea chumba chetu cha mtaa wa Soweto, hapa mjini, na ninavyoimba nikimenya ndizi, nikidhani hanisikii.

Jamani, nikasahau kuangalia saa.

Sasa niambieni: nimwombee afaulu kweli?