Mtihani wa Hadija Kule Kibuli

Siku yangu ya kwanza kufundisha sinema chuoni, mkuu wa idara alifunga mlango wa ofisi kwanza, ndipo akasema. "Mwalimu, usidanganyike. Hawa wanafunzi somo lao kuu ni uchumi, ni historia, ni ualimu. Sinema kwao ni somo dogo, la kujazia shahada. Wamekuja kutazama filamu na kuokota alama. Fungua macho."

Ebo! Mimi ndiye wa kuambiwa? Nilikuwa nimetoka Nakawa, kwenye kituo kidogo cha televisheni, kwa msimamizi aliyekagua mikoba yetu kila jioni. Kazi yangu ilikuwa kuhariri. Mhariri hupewa picha mbichi, yaani kila kilichorekodiwa, pamoja na makosa na vikohozi, akachagua vipande na kuviunganisha. Nimeona mtu akilia kwenye taarifa, kumbe sekunde chache kabla alikuwa akicheka na mpiga picha. Tangu hapo simwamini mtu kwa kumtazama usoni tu.

Nikafundisha hivyo hivyo. Ukiniletea filamu yako ya mwisho wa mwaka, nakuuliza kwanza: picha mbichi ziko wapi? Wapo waliokuwa wakinunua kazi kwa vijana wa video za harusi. Niliwanasa, tena bila huruma.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu akaja Hadija. Binti wa Kibuli, Mnubi, somo lake kuu uchumi, darasani kimya kabisa. Akaleta filamu ya bibi yake akisuka kawa za kufunikia chakula. Ilikuwa shoti moja ndefu isiyokatwa popote. Bibi anasuka, anaimba chinichini, wala haitazami kamera hata mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kunusa kitu. Kampala hii ukiinua kamera, hata mbuzi anageuka! Nikasema moyoni, hii ni kazi ya fundi wa kulipwa.

"Picha mbichi?" nikamuuliza.

"Nilizifuta, Mwalimu. Kadi ya kamera ni ya idara, mwenzangu alikuwa anaisubiri."

Kweli, kadi zilikuwa chache na sheria yetu ilikuwa kuzifuta. Lakini hata mwizi anaijua sheria hiyo.

"Nani alikupigia hizi picha?"

"Ni mimi, haki ya Mungu." Machozi yakaanza kumtoka. "Mwalimu, nikifeli hili somo dogo sihitimu. Mama ameshashona nguo ya mahafali, ameshaalika majirani."

Moyo uliniuma, sikatai. Lakini machozi nimeyahariri mengi. Nikapeleka mashaka yangu kwa mkuu, kisha nikamwambia binti, "Twende kwenu. Upige upya, nikuone."

Tulifika Kibuli baada ya sala ya alasiri. Bibi alinitandikia mkeka, nikaketi kwenye kona. Hadija akasimamisha kamera, bibi akaanza kusuka. Akisuka kidogo, macho juu, kwangu. Kisha kwenye kamera. Kisha kwangu tena. Shoti zikaharibika moja baada ya nyingine.

"Bibi, tafadhali, usitazame," Hadija alimsihi.

"Huyu mzee naangalia mimi kama polisi," bibi akajibu kwa Kiswahili chake cha Kinubi. "Mtu naangalia mimi, mimi pia naangalia yeye. Atoke nje."

Nitoke? Ahaa, nikajua sasa wananichezea shere. Nikitoka tu, binamu fulani anaingia kwa mlango wa nyuma na kushika kamera. Nikatoka. Sikwenda mbali.

Wiki iliyofuata tulikaa kwenye kikao cha kusahihisha, na mkuu akaiwasha ile shoti mpya. Bibi anasuka, anaimba, haitazami kamera. Safi kabisa. Mara pazia nyuma yake likasogea, kichwa kikachomoza dirishani, miwani imeteremka puani. Kikatazama kushoto, kikatazama kulia, kikachungulia hadi mlango wa nyuma.

Mkuu akasimamisha picha. "Mwalimu, huyu ni nani?"

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. "Ni mimi, Mkuu."

"Na aliyekuwa ameshika kamera?"

"Hadija. Alikuwa peke yake, nilimwona mwenyewe."

Basi, hakuna aliyebisha. Akafaulu.

Sasa nimestaafu, nakaa Kansanga. Ninyi mnaofundisha leo, endeleeni kudai picha mbichi, maana wanunuzi wa kazi hawajaisha, wameongezeka. Ila mkumbuke kuna mambo mtu hawezi kuyafanya akiwa amekodolewa macho. Mimi nililijua hilo nimechelewa, na bado silipendi.

Hadija alipohitimu walinialika Kibuli, nami nikaenda. Bibi alinipokea kwa heshima, akanipakulia pilau ya kutosha, akaniketisha ubavuni mwake, mbali na dirisha.

"Kaa hapa," akasema. "Hapa mimi nakuona."