Pale pa Kunyoosha Mgongo

Mimi nimewahi kusimamishwa katikati ya wimbo nilioutunga mwenyewe, nikaambiwa siujui.

Aliyenisimamisha alikuwa hajazaliwa nilipoutunga.

Kaeni mnisikilize, ila mtulie, maana nasimulia nikiwa nimechoka na sina nguvu za kurudia.

Kazi yangu ni gitaa na mdomo. Natunga mwenyewe, naimba mwenyewe, narekodi mwenyewe, nauza mwenyewe. Sina meneja, sina kampuni. Nyimbo zangu ni za kukaa na kusikiliza, na watu siku hizi wanataka kuruka. Nimeimba harusini watu wakila, nimeimba baa watu wakigombana, nimeimba kwenye mikutano spika ikikoroma kunishinda. Wananiita Mama Gitaa. Mtoto sina hata mmoja, lakini jina ndilo limeshaganda.

Juzi juzi nimerudi mji niliozaliwa, baada ya kuzunguka mpaka viatu vikakataa. Nikasema basi. Vidole vina sugu, koo linakwaruza, na kaka yangu ana duka la rangi za nyumba, anatafuta mtu wa kukaa kaunta. Nikamwambia mwezi ujao naanza.

"Afadhali umepata akili," kaka akasema.

 

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniuma. Kuimba umri mzima halafu niondoke bila hata wimbo mmoja ambao mtu asiyenijua anaweza kusema, huu ni wa yule mama. Mmoja tu. Sikuomba kumi.

Basi ikaja kazi ya kufungia safari. Muuguzi mkuu wa hospitali ya mji anastaafu, kwaya ya wafanyakazi inataka mtu wa kuwapigia gitaa kwenye sherehe ya kumuaga. Nikakubali.

Mazoezi yalikuwa kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, meza zimesukumwa ukutani, sakafu inanuka dawa. Mwalimu wa kwaya alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, binti mdogo, ila akisema kaa unakaa.

"Mama, wa mwisho ni wimbo wa zamani," akaniambia. "Haujulikani umetungwa na nani. Wewe tufuate tu."

Wakaanza.

"Nitueni mzigo jamani, njia bado iko mbele..."

 Wimbo ulikuwa wangu. Niliutunga nikiwa msichana, chumbani kwetu, nimeachwa na mwanaume ambaye leo hata sura yake siikumbuki vizuri.

Nikawafuata, nikaimba nao. Mwisho wa ubeti wa tatu, wote wakanyamaza ghafla. Mimi nikaenda mbele peke yangu, kama mtu aliyevuka barabara wenzake wamesimama.

Mwalimu akagonga meza.

"Mama, hapo hupigi. Hapo unanyamaza, tunaimba midomo imefumbwa, ndipo tunaendelea."

"Nani kasema?"

"Ndivyo wimbo ulivyo."

"Mwanangu, huu wimbo nimeutunga mimi. Hapo hapana kunyamaza."

Chumba kizima kikanitazama kwa huruma, ile huruma anayopewa mgonjwa anayekataa sindano.

Mpiga ngoma, ambaye ni mlinzi wa getini, akacheka. "Mama Gitaa, kesho utatuambia na wimbo wa taifa ni wako."

Wakacheka wote.

"Huu tumeukuta," mwalimu akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniua. "Hata waliotutangulia waliukuta. Ukiuimba hivyo unauharibu."

Nauharibu. Wimbo wangu.

Nilirudi nyumbani sina hata hamu ya kuvua viatu. Siku hizi naishi na mama yangu. Mgongo wake umepinda kwa kufua mashuka ya hospitali hiyo hiyo mpaka alipostaafu. Muziki wangu hajawahi kuusifia. Kwake yeye ni kelele. Nilipotoa kaseti yangu ya kwanza, nakala ya kwanza nilimpa yeye, na sikuiona tena ndani ya nyumba ile. Nikajua kaitupa. Sikumuuliza, nikaumia kimyakimya, na nimetembea na kidonda hicho mpaka uzeeni.

Nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikatoa nakala moja iliyobaki ya kaseti ile, nikaiweka kwenye redio. Nilitaka kesho niwaumbue wale watu.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Kimya.

Na ndani ya kimya kile, kwa mbali, sauti ya mwanamke anaimba mdomo umefumbwa. Inashuka polepole, inatulia. Halafu gitaa linarudi.

Nikairudisha kanda nyuma, nikasikiliza tena.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Tulirekodia nyumbani, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia makelele. Nje ya dirisha lile mama alikuwa anafua. Nilipofika pale akaanza kuimba puani, akanipoteza, nikasimama nimsubiri amalize. Kanda ilikuwa moja, mashine ya kuazima, hakukuwa na kurudia. Baadaye nilipopata studio ya maana, jambo la kwanza nililofanya ni kuurekodi upya na kuliziba lile pengo. Wimbo ukawa safi. Na huo ulio safi hakuna aliyeutaka.

Kesho yake nikabeba redio mpaka mazoezini. Nikabonyeza.

Kanda ilipofika mwisho, mlinzi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kumbe ni wewe kweli," mwalimu akasema. "Mama, tusamehe."

Nilisubiri furaha ije. Ikaja kidogo sana, nikashangaa, maana niliitafuta siku nyingi.

"Na huyo mwingine ni nani?" akauliza.

"Ni mama yangu. Alikuwa ananivurugia."

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja wa chumba cha kufulia, wanamwita Bi Pasi, naye yuko karibu kustaafu. Alikuja kuchukua vitambaa vya meza. Akaweka furushi lake chini.

"Hebu rudisha nyuma hapo."

Nikarudisha. Akasikiliza kichwa kimeinama.

"Huyo ni Mama Sabuni," akasema. "Kumbe wewe ndiye binti yake."

"Unamjua mama yangu?"

"Nisimjue vipi? Hiyo kaseti aliyetuletea si ni yeye? Ilikuwa inalia kufulia kila asubuhi. Msimamizi wetu alikuwa mtu mgumu, ukisimama kidogo tu wewe mvivu. Mama Sabuni ndiye aliyetupa ujanja. Wimbo ukifika pale, mikono yote inatoka majini, tunanyoosha migongo, tunaimba naye. Msimamizi akiuliza, tunamwambia ndivyo wimbo ulivyo. Kanda ikaja ikakatika, tukaendelea kwa midomo yetu. Wodini wakatusikia, nao wakaushika."

Akapangusa macho kwa kiganja.

"Mwanangu, mapumziko yetu yalikuwa hapo tu. Usije ukapaziba."

Nilimkuta mama sebuleni, sinia la mchele mapajani, anachambua.

"Mama, ile kaseti niliyokupa uliifanya nini?"

"Ulitaka niifanye nini, niipike?"

"Uliipeleka kazini."

"Redio ya humu ilikuwa mbovu. Nzima ilikuwa kazini."

"Miaka yote hii, mama, hujaniambia."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa.

"Wewe ulitaka kuimbia watu wa viti vya mbele. Ningekuambia wafua mashuka wanakuimba, ungefurahi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ungekuwa uongo, kwa sababu nilijua binti yule niliyekuwa angekunja uso.

"Na pale dirishani? Ulijua kabisa narekodi."

"Maneno yako yalikuwa mengi mno. Humwachi mtu avute pumzi. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikajinyoosha pale ulipotakiwa kujinyoosha na wewe."

Siku ya sherehe nilimpeleka. Nikamkalisha pembeni kwenye kiti cha plastiki, fimbo yake mkononi, uso wa mtu aliyeletwa kwa lazima.

Mwalimu akashika maiki. "Wimbo huu siku zote tulidhani hauna mwenyewe. Mwenyewe ni Mama Gitaa, huyu hapa."

Watu wakapiga makofi ya adabu, yakaisha. Nilichokisubiri maisha yangu yote kikapita hivyo tu, hata chai isingepoa.

Tukaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaondoa mikono kwenye nyuzi.

Ukumbi mzima ukasimama. Wauguzi, wafagiaji, madereva, na wale wamama wastaafu wa kufulia, mikono viunoni, wananyoosha migongo, wanaimba midomo imefumbwa. Muuguzi mkuu mwenyewe alikuwa analia. Nikamtazama mama. Alikuwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili, anajiinua kwenye kiti, anajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu.

Nililia. Sitawadanganya, nililia mpaka nikachelewa kurudi kwenye gitaa, na wao wakanisubiri.

Baadaye watu wakamzunguka mama. Mama Sabuni hivi, Mama Sabuni vile. Mimi nilibaki nyuma nimebeba gitaa na mkoba wake.

"Umeonaje?" nikamuuliza tukiwa njiani.

"Wameanzia juu sana. Na gitaa lako bado lina haraka."

Tukatembea kidogo.

"Lakini pale pa kujinyoosha wamepapatia," akasema.

Siku hizi niko dukani kwa kaka, nauza rangi. Jumamosi nikitoka napita kufulia na gitaa, nawapigia wale wamama wakikunja mashuka. Uchovu haujaisha. Umepata tu pa kukaa.

Wewe unayetunga, unayeandika, unayehangaika ujulikane, chukua hili kwa aliyezunguka. Nimetunga maneno mengi sana. Kilichobaki midomoni mwa watu ni pale nilipokoma, nikampisha mama yangu. Basi katika kazi yako acha nafasi, na mwingine anyooshe mgongo.