Besi ya Noah ya Mitumba

Nilikuwa fundi vitanda hapa Kahama kabla sijaingia kwenye maboksi ya sabufa. Maboksi yalianza kama mchezo: dereva teksi mmoja aliniomba nimtengenezee moja kwa vipande vya mbao za MDF vilivyobaki, nikamtengenezea, likavuma, akafurahi. Sikudhani kama kuna elimu yoyote ndani yake. Boksi si boksi tu?

Kisha akaja mama mmoja muuza mitumba. Aliingiza Noah yake nyeupe karakanani asubuhi, mabelo ya nguo yamepanda hadi kwenye kioo cha nyuma. Mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari anafungua mlango wa nyuma.

"Boksi la yule dereva teksi umetengeneza wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi nami nataka. Nazunguka minadani, Bugarama, Mwakitolyo, kote huko. Kule machimboni makarasha yanasaga mawe kutwa nzima, nikiita naishia kukauka koo. Nataka wanisikie kabla hawajaniona. Ila nafasi ya mabelo yangu usiiguse."

Nikapima upenyo uliobaki nyuma ya siti, nikatengeneza boksi dogo la kuenea hapo. Nikalitoboa tundu, nikachomeka kipande kifupi cha bomba la maji ili lipumue. Urefu wa bomba nilikadiria kwa macho. Tulipowasha, misumari ilicheza ndani ya makopo yake, na mama akapiga kigelegele. Akaondoka akipunga mkono dirishani.

Hazikupita wiki nyingi akarudi. Nilijiandaa kwa ugomvi, kumbe anacheka hadi anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Fundi, umenifanya kituko! Mwakitolyo wamenisikia kweli, ila walidhani kuna karasha jipya limefungwa. Mchimbaji mmoja kaja na kiroba cha mawe begani, ananiuliza foleni inaanzia wapi."

Mke wangu alikuwa ameketi pembeni anakunywa soda. Yeye ni mzaliwa wa Ushirombo, na parokiani kwetu ndiye anayefundisha sauti ya pili kwenye kwaya. Akaomba asikie. Akaingia kwenye Noah, akafunga mlango, akasikiliza wimbo wa dansi, kisha wa kwaya, kisha singeli. Aliposhuka alikuwa amekunja uso.

"Baba watoto, boksi lako linajua noti moja tu. Kila wimbo linaimba ileile. Muziki ukishuka, lenyewe halishuki."

"Mambo ya maboksi umeyajulia wapi wewe?" nikamjibu, maana mbele ya mteja iliniuma kidogo.

Alipuliza mdomo wa chupa yake ya soda iliyokwisha, ikatoa sauti nzito, vuuu. Akatia maji hadi nusu, akapuliza tena. Sauti ikapanda.

"Umeona? Hewa ikibanwa, sauti inapanda. Hilo boksi umelibana."

Nikaichukua chupa, nikamwaga maji, nikaifunga kipande cha mpira wa bomba mdomoni ili shingo irefuke. Nikapuliza. Ikashuka kabisa, chini kuliko mara ya kwanza. Mama wa mitumba akaniomba naye apulize. Tukawa watu wazima watatu tunapokezana chupa, na wapita njia wanatushangaa.

Kwa hiyo lilihitajika boksi lenye nafasi kubwa zaidi na bomba refu zaidi. Lakini mabelo yangekaa wapi? Hapo ndipo vitanda vikanisaidia. Nikaunda boksi pana, la kimo kifupi, lililoenea sakafu yote ya nyuma, sabufa na mdomo wa bomba vikitazama mlango. Ndani nikaweka mihimili kama chaga za kitanda, ili mabelo yakae juu yake na mbao zisitetemeke. Bomba lilikuwa refu kuliko boksi, nikalikunja kwa kiwiko cha fundi bomba. Kila kiungo cha mbao nikakiziba kwa silikoni, hewa isitoke kwingine.

Mke wangu akarekodi kwenye simu noti za chini za kinanda cha kwaya, moja baada ya nyingine. Akakaa ndani ya gari akizipiga. Noti ikizidi nyingine anatikisa kichwa, ikipotea anaonyesha kidole chini. Bomba nilikuwa nimeliacha refu makusudi. Nalichomoa, nakata kidogo, nalirudisha. Mama wa mitumba ameketi juu ya belo anatafuna karanga. "Bado?" anauliza. "Bado," tunajibu. Hatimaye noti zote zikatoka zimelingana, isipokuwa kulikuwa na kitu kinavuma kama nyuki. Tulikitafuta hadi tukachoka. Kumbe ni kibao cha namba ya gari! Nikakiwekea vipande vya tyubu ya baiskeli kwa nyuma, kikanyamaza.

Siku ya mnada mimi na mke wangu tukaenda naye Mwakitolyo, maana nilitaka kusikia mwenyewe. Makarasha yalikuwa yananguruma na vumbi limetanda. Mama akaweka wimbo wa ngoma za Kisukuma, akafungua mlango wa nyuma. Besi ikatoka inatembea, inapanda na kushuka, kila pigo limekaa peke yake. Wachimbaji wakasogea, nyuso nyeupe kwa vumbi la mawe. Mmoja akaanza kutikisa mabega. Mama akamtazama, akavua viatu, akaingia kucheza naye, akasahau kabisa kwamba amekuja kuuza.

"Shikeni nguo hizo!" alitupigia kelele.

Basi mke wangu akanadi magauni na mimi nikasimama nimeinua suruali za jinzi kila mkono. Mzee mmoja alinunua koti zito la baridi kwenye jua lile, akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja," akalivaa palepale na kurudi kucheza.

Sasa vitanda natengeneza vichache. Wateja wa maboksi wanatoka hadi Geita, na wakifika hawaniulizi mimi kwanza. Wanauliza, "Yule mama wa kwaya yupo?" Akiwa mazoezini, wanasubiri.