Nilikuwa nahesabu taa za wavuvi kila giza, hadi usiku niliokosa taa za kuhesabu

Tarehe 11 Agosti mwaka juzi, ziwa lilimchukua mume wangu, Baba Neema.

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji tu, huu ndio uzi wangu wa kwanza. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia kwenye uandishi. Sitaongeza chumvi. Kuna jambo moja humu ambalo hadi mwezi uliopita hakuna mtu aliyelijua.

Naishi Mkolani, Mwanza. Kazi yangu ni kununua dagaa wabichi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kuwaanika, na kuwauza wakikauka. Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, kwenye mtumbwi mmoja na mdogo wangu Masalu.

Kwa msiokaa karibu na ziwa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi, wavuvi wanakaa nyumbani. Mwezi ukipotea tunasema giza limeingia, na mitumbwi inatoka.

Usiku ule upepo uligeuka ghafla, mtumbwi ukapinduka. Walikuwa wanne. Watatu walikuwa na jaketi za kuokolea, wakaelea hadi wakaokotwa. Masalu alikuwa mmoja wao. Mume wangu alipatikana siku ya tatu, upande wa Busisi.

Nitarudi kwenye jaketi.

Tulizika. Watu walikaa nasi, wakapika, wakaimba, wakaondoka. Neema akarudi shule ya bweni. Nikabaki na nyumba.

Giza lililofuata nilikuwa nachambua mchicha saa kumi na mbili jioni. Moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, nikajua nakufa. Jirani alinipakia kwenye bajaji hadi hospitali mjini.

Daktari alipima kila kitu. Akasema moyo ni mzima, presha ni ya kawaida, huu ni wasiwasi uliopitiliza, unatibika. Akanipa vidonge na tarehe ya kurudi.

Sikurudi. Niliona aibu kuumwa kitu ambacho hakionekani kwenye kipimo.

Ikawa kila giza hivyo hivyo. Jioni naenda mwaloni, nakaa kwenye mchanga, nahesabu taa za mitumbwi. Masalu alikuwa amerudi kazini, na moja ya zile ilikuwa yake. Taa ikizimika, hata kama ni betri tu imeisha, napiga kelele. Nimewahi kuamsha mwalo mzima mara mbili bure.

Kanisani wakaniwekea maombi. Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye nampenda hadi leo, akagundua kwamba hali yangu inakuja mwezi ukipotea na kuondoka mwezi ukirudi.

"Mama Neema, hili ni jini la mwezi," akasema. "Tunafunga siku saba."

Tukafunga. Siku ya saba mwezi ulikuwa mkubwa, nikalala kama mtoto. Jumapili nikasimama mbele nikatoa ushuhuda kwamba nimepona. Watu walipiga vigelegele, mchungaji akanishika mkono. Wakuu, sikudanganya. Niliamini.

Giza likaingia, nikaanguka mlangoni mwa kanisa lile lile.

Aibu niliyoipata hapo siwezi kuieleza. Niliacha kwenda ibada. Nikaanza kumpigia simu Masalu kila jioni nalia asiende ziwani. Akanihurumia, akakaa nyumbani giza zima. Na lililofuata.

Siku moja mke wake, Ester, akanifuata nikiwa naanika. Ana watoto watatu. Mwenye mtumbwi alikuwa ameshasema Masalu asipotoka giza lijalo, anachukua mtu mwingine.

"Wifi, hilo jini lako linatumia kalenda ya wavuvi," akasema. "Mwezi haukufanyi kitu. Ni mitumbwi. Wewe unaogopa, basi. Sasa mume wangu akae ndani mpaka lini? Tule uoga wako?"

Nilimkasirikia. Nilimwita mchawi, Mungu anisamehe. Lakini alikuwa amesema kweli kuliko watu wote walioniombea.

Usiku huo nilikwenda tena mwaloni. Masalu yuko kwake amelala, na mimi bado nahesabu taa za watu wengine. Ndivyo nilivyokuwa nimeharibika.

Mitumbwi ikaenda mbali kuliko kawaida. Taa zikaanza kupotea nyuma ya miamba ya rasi, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki maji meusi tu. Hakuna cha kuhesabu. Kifua kikaanza kubana.

Nikalala chali ili nipate pumzi. Na kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshazoea kuhesabu, nikaanza kuhesabu nyota.

Nilifika sitini na kitu, nikapotea. Nikaanza upya, nikapotea. Zilikuwa nyingi mno, na nilivyozidi kukodoa macho ndivyo nyingine zilivyojitokeza. Nikakumbuka neno ambalo tumefundishwa tangu utotoni, kwamba Mungu anazihesabu zote, na kila moja anaiita kwa jina lake.

Nikafikiri: hizi nimeshindwa kuzihesabu, na hakuna hata moja iliyoanguka kwa sababu nimeshindwa.

Hapo ndipo nilipolia. Na nikamwambia Mungu, kwa sauti, jambo la jaketi.

Nyumbani tulikuwa na jaketi moja. Mchana nilikuwa nalikalia nikichambua dagaa, kutoa konokono na mawe, maana ni laini kuliko ndoo. Jioni ile ya mwisho Baba Neema aliliulizia. Nikamwambia, "Ngoja nimalizie beseni hili." Akasubiri kidogo. Wenzake wakampigia mluzi.

Akasema, "Basi kalia tu, mama." Akaondoka.

Sikusikia sauti yoyote kutoka juu. Sitaki tena ushuhuda wa haraka kama ule wa kanisani. Ziwa lilikuwa kimya, nyota zilikuwa palepale. Ila kifua kilifunguka, nikavuta pumzi hadi mwisho, na nilikuwa nimeshasahau ladha yake.

Wiki ile niliacha kumzuia Masalu asiende ziwani, nikarudi kwa daktari, nikaanza vidonge upya, naendelea navyo. Nimerudi ibadani, nakaa viti vya nyuma. Mama wa maombi alinikumbatia. Usiku nikizidiwa natoka uani, natazama juu, nasema, "Hesabu wewe." Ndiyo sala yangu nzima. Kuna siku inanisaidia, kuna siku natapika kabla sijaimaliza.

Mwezi uliopita nilimwita Masalu, nikamweleza habari za jaketi, nikamkabidhi. Lake lilikuwa limechanika.

Alilipokea, akavuta kamba zake kuona kama bado zinashika. Kisha akasema, "Dada, shemeji hakupenda kulivaa hili. Alikuwa anasema linambana."

Sijui kama ni kweli au alinionea huruma. Sijamuuliza tena.

Nilichojifunza ni kidogo. Imani haikuniondolea hofu, ilinipunguzia kazi ya kuwalinda watu ambao sina uwezo wa kuwalinda. Na anayepitia haya, aende hospitali na aende kanisani, asiache kimoja kwa sababu ya kingine. Mliopitia, andikeni hapa chini. Hata wa kunipinga, karibuni, nitasoma yote.

Namalizia na juzi, maana ndiko nilikofika.

Giza liliingia, Masalu akatoka na wenzake. Nilimfunga kamba za jaketi mwenyewe. Ester alikuwepo. Alinishikia tochi.

Nilikaa mchangani. Kama saa tano hivi taa yao ikapotea. Nikasimama. Nikataka kupiga kelele, hata mdomo nilishaufungua. Nikakaa. Nikalala chali, nikasema maneno yangu, nikaanza na nyota za upande wa kulia.

Sijui nilifika ngapi.

Ninachokumbuka ni mtu ananitikisa bega. Mchanga umenijaa sikioni. Masalu amechuchumaa, jaketi limelowa, bado kalifunga.

"Dada, amka," akasema. "Jua limeshatoka na dagaa hawajaanikwa."