Baiskeli Iliyonuka Papa

Wakati wa vita baba alifanya kazi ya reli Changamwe, nasi tulikaa Bofu, ng'ambo ya kivuko. Kila alfajiri alivuka feri na baiskeli yake, na kila jioni ilirudi imelowa chumvi. Kutu ikaanza kula chuma karibu na pedeli, kikawa kinabanduka vipande vipande. Rangi haikupatikana madukani. Yote ilikwenda jeshini. Baba akasema baiskeli ikivunjika atahamia kambi ya wafanyakazi, ambako mwenzake keshamwekea nafasi. Tungemwona Jumapili tu.

Mama akaenda kuiinamia baiskeli. Kwao walikuwa waundaji wa mashua, na mbao za mashua hupakwa sifa, mafuta ya papa, juu ya sifa ya mwaka jana. Akaichanganya na udongo mwekundu aliouchekecha kwa kanga kuukuu, akaipaka baiskeli nzima rangi hiyo iliyokuwa nzito kama uji.

"Bibi wee, wanipeleka kazini au sokoni?" baba akauliza, kashika pua.

"Wewe panda tu."

Jirani akachungulia uani. "Shemeji, papa huyo mbichi au mkavu?" Paka wa mtaa walimsindikiza baba mpaka njia ya feri.

Haukupita muda rangi ikavimba malengelenge. Mama akalipasua moja kwa ukucha: chini yake kutu ilikuwa mbichi, nyekundu. Mbao hunywa mafuta; chuma hakinywi. Alikuwa amekipaka kama ubavu wa mashua, chumvi na kutu zikiwa zingali humo.

"Nimemfungia mwizi ndani ya nyumba," akasema, akacheka kwa hasira.

Tukaisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi mpaka chuma kikang'aa, tukaiosha kwa maji ya kisima, tukaianika. Safari hii alipaka kwa unyoya wa kuku, utando mwembamba. Ulipokauka sawasawa akaongeza mwingine. Siku hizo baba alikwenda kwa miguu, akarudi amechoka hata kula hawezi.

Masika yakashuka kwa nguvu. Jioni moja baba aliingia maji yakimchuruzika, akaiegemeza baiskeli ukutani. Mama akainama, akapitisha kidole chini ya pedeli, taratibu, kama anayepapasa paji la mtoto aliyekuwa na homa. Kidole kikatoka safi, bila kutu.

"Yule mwenzangu wa kambini," baba akasema, "leo nimemwambia nafasi ile ampe mtu mwingine."

"Hakukasirika?"

"Amefurahi. Ana nduguye aja kutoka bara."

Mama akaenda kuongeza unga chunguni. Vita vilikuwa havijaisha, lakini usiku ule tulikula sote sinia moja, na usiku uliofuata.