Kamati Iko Bondeni

Mwanangu, kikao kile nakikumbuka kwa sababu viti vilikuwa vingi kuliko watu. Kilikuwa kikao cha kamati ya shule, huku kwetu delta, upande wa Maparoni, msimu ambao mpunga umeanza kuzaa na kila mwenye nguvu amehamia bondeni kuamia, yaani kufukuza ndege wasimalize mashamba. Nilikuwa kijana, mwalimu wa darasa la sita, na wenzangu walikuwa wamenichagua majuzi tu kuwa mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia kamati inaamua nini juu ya kazi yetu na makazi yetu. Niliivaa kazi hiyo kama kanzu mpya ya Idi, na nadhani wenzangu walishaanza kunichoka.

Nimesikia nawe umechaguliwa hivyo hivyo huko Mtawanya. Hongera. Nimesikia pia zile sauti unazotuma kwenye kundi la WhatsApp la walimu, ndefu, zenye hasira nzuri, za kumtetea mwalimu mwenzenu, nikacheka peke yangu mpaka mama yako akauliza kulikoni. Ndiyo maana nimekuita. Kula kwanza, mimi nasema polepole.

Kikaoni alikuwepo mwenyekiti, Mzee Mikidadi, na mwalimu mkuu ambaye ndiye katibu, na mjumbe mmoja mzee aliyekuwa anasinzia. Mzee Mikidadi alikuwa mtu mwema, nisije nikakudanganya. Kilichomuumiza ni kwamba watoto wadogo walikuwa wamefuatana na wazazi wao bondeni, na darasa la kwanza limebaki nusu. Akaona dawa yake ni moja: mwalimu wao awafuate huko huko. Avuke kwa mtumbwi maji yakijaa, afundishe kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambamo watu hukaa kulinda mpunga. Aanze Jumatatu. Akikataa, jina lake lipelekwe kwa afisa elimu kata.

Mwalimu huyo aliitwa Rehema. Alikuwa mgeni kwetu, mtu wa bara, hajui kuogelea, na mimba yake ilikuwa ya miezi ya mwisho. Tena alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Jina lake likifika juu kwa ubaya wakati ule, ajira yake iko mashakani. Akikubali, atakuwa anapanda mtumbwi na tumbo lile kwenye mto wenye mamba. Nikanyoosha mkono. Mzee Mikidadi akaniambia kwa upole kwamba nimealikwa kusikiliza. Nikasikiliza, ila moyoni nilikuwa nachemka.

Nilipotoka pale sikusimama popote mpaka kwa Bi Tatu. Huyu alikuwa mwalimu mwenzetu wa siku nyingi, aliyewahi kuwa mwakilishi wa chama kabla mimi sijajua kusoma. Nilimkuta uani anakuna nazi. Nikamwaga habari yote bila kupumua, nikamalizia kwamba alfajiri nakwenda Kibiti kwa viongozi wa chama wa wilaya, kieleweke.

"Hata shikamoo hujatoa," akaniambia.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaendelea kukuna nazi yake.

"Kikaoni mlikuwa na wajumbe wangapi?"

"Wachache, Bi Tatu."

"Na hao wengine wako wapi?"

"Bondeni, wanaamia."

"Sasa weye Kibiti unafuata nini, na kamati iko bondeni?"

Ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu. Anakuuliza jambo dogo mpaka unajiona mjinga mwenyewe, na yeye hajakutukana. Akasema Kibiti tutakwenda ikibidi, chama kipo na hakikimbii. Kwanza tuwaone wenye watoto.

Jumamosi maji yalipojaa tukavuka. Kule kwetu kuna desturi ambayo nyie wa barabarani huenda hamuijui: mgeni akipanda dungu hasemi shida yake kabla hajashika zamu. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu nyumbani, haki za mwalimu, mazingira ya kazi, kila kitu. Nikapanda ngazi, nikasalimia, nikaanza, na kundi la ndege likatua. Mwenye dungu akanipa kombeo. Nikarusha donge la udongo likaangukia mpunga wake mwenyewe. Bi Tatu akaninyang'anya kombeo lile bila neno, na baada ya hapo ndege wote wakahamia kwa jirani. Watoto walinicheka siku nzima, na wengine ni watu wazima sasa bado wananicheka.

Mchana tukafika kwenye dungu la Mama Sikudhani, mjumbe wa kamati ambaye hakuwa kikaoni. Alitukaribisha pepeta, ule mpunga mchanga uliotwangwa, na nazi. Akatusikiliza akiwa ameukazia macho mpunga wake.

"Nani kasema sie tumetaka mwalimu aje huku?" akauliza. "Yule binti na hali ile apande mtumbwi? Akidondoka tutamwambia nini mama yake?"

Bi Tatu akamuuliza kama wale wadogo wanamsaidia kazi. Mama Sikudhani akacheka sana. Akasema hawa wadogo wanaamia usingizi tu, jua likipanda kidogo wamelala. Wako bondeni kwa sababu nyumbani hakuna wa kuwapikia. Majirani wa madungu mengine wakasogea, wakawa wanazungumza huku wanapiga kelele za kufukuza ndege, mazungumzo yanakatika na kuunganika tena. Ikaonekana kwamba kijijini wamebaki bibi kadhaa ambao hawana uwezo wa shamba lakini wana uwezo wa kupika na kugombeza. Wadogo warudi wakae na bibi zao, na chakula kivushwe na yeyote anayekwenda kijijini. Bi Tatu hakuwaambia wafanye nini. Yeye kazi yake ilikuwa kuuliza, na kurusha kombeo.

Kisha baba mmoja akanigeukia. "Na nyie walimu je? Hawa wamekosa masomo siku nyingi."

Nilikuwa nimefurahi, mwanangu, na mtu mwenye furaha huwa mkarimu kwa vitu ambavyo si vyake. Nikajibu haraka kwamba walimu wote wa madarasa ya chini watabaki jioni kuwafundisha mpaka wafikie wenzao. Watu wakaitikia vizuri. Bi Tatu akaweka bakuli chini.

"Umewauliza wenzako?"

"Bado, lakini hawatakataa."

"Hawapo hapa, hujawauliza, na ushawapangia. Basi weye na Mzee Mikidadi mna tofauti gani?"

Alisema mbele ya watu, bila kupandisha sauti. Nilitaka kushuka ile ngazi nirudi kijijini kwa miguu, na njia ya miguu haipo. Mama Sikudhani kwa huruma akaniongeza pepeta. Nikawaambia wale wazazi kwamba jioni zangu mimi nazitoa, za wenzangu nitakwenda kuziombea. Wakakubali, wala heshima yangu haikupungua kama nilivyoogopa.

Tuliporudi kwenye mtumbwi Bi Tatu akaniuliza swali la mwisho, na hilo ndilo lililonikosesha raha kuliko yote. Akauliza Rehema mwenyewe anasemaje. Nikagundua sijui. Nilikuwa nimempigania kwa siku mbili, nimemtaja kwenye kila dungu, na sijamgongea mlango hata kumjulia hali.

Nikaenda Jumapili asubuhi. Alikuwa amekaa barazani, miguu imevimba, anatengeneza kadi za herufi kwa maboksi ya zamani. Nilipomuuliza anataka nini, alimaliza kwanza kadi aliyoishika. Akasema habari ilimfikia kupitia watoto, na tangu hapo kila mtu anamwambia alivyoonewa, lakini hakuna aliyekaa naye. Mtumbwi anauogopa, ndiyo. Ila anaogopa zaidi kuitwa mwalimu aliyekataa watoto. Akasema hata nikishinda Kibiti, yeye ndiye atakayebaki hapa na jina hilo.

Nikamshukuru Mungu kwamba ile safari ya Kibiti sikuifunga.

Jioni ile ile Mzee Mikidadi akaitisha kikao upya, safari hii bondeni, baada ya Mama Sikudhani kumtumia salamu ambazo mimi sikuzisikia lakini alikuja haraka. Rehema hakuvuka, alibaki upande wetu wa mto kwa mwalimu mkuu, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa, maana mtandao ulikuwa unakamata pale penye mwinuko na kwa bahati na bondeni ulikuwepo. Wajumbe wakapanga habari ya bibi na chakula. Uamuzi wa mtumbwi ukafutwa. Nami nikasema kwamba wenzangu nimewauliza, wengine wamekubali jioni mbili na wengine hawakuweza kwa sababu zao, na sababu zao ni za haki. Kisha Mzee Mikidadi akainama juu ya simu. "Mwalimu Rehema, hatukukuuliza mwanzo, utuwie radhi. Wewe unasemaje?"

Simu ikakwaruza, tukadhani mtandao unakatika. Halafu tukasikia analia.

"Nileteeni watoto wangu," akasema. "Nitawafundisha mpaka siku yangu ifike."

Wakaletwa. Akawafundisha akiwa amekaa kwenye kiti, ubao tukamshushia chini, mpaka likizo yake ya uzazi. Mwaka uliofuata akathibitishwa kazini. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena katika kazi ya chama, ingawa nimeshughulikia mambo makubwa kuliko hayo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kamati yenu ifuatilie, usilale. Hudhuria vikao, soma wanachoamua, na pale haki inapovunjwa nenda wilayani, nenda mpaka mwisho, hasira yako itakusaidia huko. Lakini kabla hujafungua mdomo kwa niaba ya mtu, mfuate alipo, kaa naye, muulize anataka nini, na umsubiri ajibu hata kama anachelewa. Kamati ikiamua bila wahusika, watafute wahusika. Wewe ukitaka kuahidi, ahidi kilicho chako. Na yule mwalimu ambaye tangu juzi unamsemea kwenye kundi, kesho asubuhi kabla ya kengele nenda ukamgongee mlango.

Mungu akupe subira ya kusikiliza na moyo usioogopa wakubwa. Akujaalie wenzako wafurahi wakikuona unakuja kwao, na watoto wako wasikose mwalimu darasani. Amina. Haya, ongeza wali, mwanangu, umekula kidogo.